Pasi ya Siku Saba

Mashavu ametuma bei kutoka Hamburg.
Karatasi tatu, nimezichapisha kwa Mpemba wa stesheneri
pale Barabara ya Kumi na Tano, mia mbili kila moja,
maana Singano haamini bei isiyoshikika.

Amezitandaza meza nzima. Chai inapoa.
Penseli sikioni, miwani nchani mwa pua,
anasoma kama aliyeletewa barua ya mahakama:
pasi ya siku saba ndani ya mwezi mmoja,
pasi ya siku kumi, pasi ya nchi moja, pasi ya nchi zote,
waliotimiza miaka sitini watapunguziwa kidogo.
"Kidogo gani?" anauliza. "Kidogo si bei."

Halafu akakuta maandishi ya chini kabisa,
yale ya kusomwa na sisimizi:
treni ziendazo kasi, kiti hulipiwa kando.
Akaiweka penseli.
"Yaani nimelipa kupanda, nilipe tena kukaa?
Mimi Korogwe nilimpandisha mama na mbuzi wake
kwa tiketi moja, na mbuzi alikaa."

Nacheka. Yeye hacheki.
Miaka thelathini na mmoja alikuwa gadi wa reli hii,
behewa la mwisho, bendera mbili na taa,
Pongwe, Ngomeni, Muheza, Mnyusi, Korogwe, Mombo,
bado huvitaja kwa pumzi moja akitafuta viatu vyake.
Tiketi ya kwake mwenyewe hajawahi kuinunua.

Sasa anapiga hesabu.
Hamburg hadi Vienna, tiketi moja moja, ukiwahi ni nafuu.
Lakini kuwahi ni lini? Viza iko mikononi mwa watu.
Mwenye pasi akikosa treni, inayofuata ni yake pia.
"Pasi ni kama mke," asema, "inavumilia."
"Na tiketi?"
"Tiketi ni kama wewe.
Saa mbili na dakika nne ni saa mbili na dakika nne."

Nami nina hesabu yangu, sijaitoa.
Siku saba za safari ndani ya mwezi:
zile ishirini na tatu zilizobaki ndizo nizitakazo mimi.
Nikae jikoni kwa mwanangu,
nimsuke mjukuu ninayemjua kwa kioo cha simu,
anayeniita bibi kwa ulimi wa theluji.
Mkaa bure si sawa na mtembea bure, sawa,
lakini aliyesema hivyo hakuwa na mjukuu Hamburg.

Usiku tukampigia Mashavu.
Baba yake anataka treni za polepole,
zinazosimama kila kituo, hata kisicho na watu,
aone nani anapeperusha bendera siku hizi.
"Baba, hakuna bendera.
Hata tiketi ni viraba vyeusi kwenye simu,
wanaimulika tu, hawatoboi kitu."

Kimya. Nje ikapita baiskeli, kengele yake imelegea.

"Sasa watajuaje kama nilikuwepo?"

Mashavu akasema mtandao unakatika.

Viza zilitoka Jumanne. Alfajiri ya Jumatano,
yeye yuko msikitini, nikakaa na simu
na namba za kadi ya Mashavu kwenye kipande cha boksi la majani ya chai.
Pasi mbili, siku saba, daraja la pili.
Nikalipia viti vya treni moja tu ya kasi, Mungu anisamehe.
Ikaniuliza: dirishani au kwenye ujia?
Dirishani.
Ikaniuliza tena: kutazama mbele au nyuma?

Kidole kikasimama.

Gadi hukaa mkiani. Miaka yote ile
hakuona hata mara moja treni inakokwenda,
aliona reli tu, ikitoka chini ya miguu yake,
ikijikunja, ikirudi Tanga.

Nikabonyeza nyuma, kiti chake.
Mbele, changu.
Kati yetu kuna kimeza.
Tutatazamana.